Kampuni ya wakulima: uliza kwanza kama ziada inagawanywa kwa hisa au kwa kilo

Swali la msomaji: "Mimi ni mama mkulima wa parachichi mkoani Njombe. Nina ekari moja na nusu ya Hass, huu ni msimu wa tatu tangu miti ianze kuzaa. Katika kata yetu tuko wakulima 180. Amekuja mtaalamu wa mradi, anatushauri tuachane na habari za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, tusajili kampuni yetu wenyewe, kila mmoja anunue angalau hisa mbili kwa shilingi 50,000 kila moja. Anasema kampuni za wakulima zimewatoa watu kwenye umaskini Kenya na India. Laki moja kwangu ni ada ya mtoto. Je, kampuni inaweza kweli kumwinua mtu wa hali yangu, au tunakwenda kupigwa tena?"

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ya hiyo ada ya mtoto. Ni haki yako kupata jibu lenye hesabu ndani yake.

Kampuni ya wakulima inaweza kumwinua mwenye ekari moja na nusu. Ila kinachomwinua ni zile kilo anazopeleka kituoni. Hati ya hisa aliyoifungia kabatini haimpi kitu cha maana, na kuna kampuni ambazo hati hiyohiyo ndiyo ilitumika kumnyang'anya jasho lake. Ukilishika hili, maswali ya kumuuliza huyo mtaalamu yatakujia yenyewe.

Tuanze na Kenya, maana mfano wake ni wa kweli na unafaa kuujua kwa undani. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya kuwasaidia Waafrika kulima chai, zao ambalo hadi miaka michache kabla ya hapo lilikuwa karibu lote mikononi mwa mashamba makubwa ya walowezi na makampuni. Mwaka 1964 mamlaka hiyo ikawa KTDA, shirika la serikali. Mwaka 2000 serikali ikajitoa, na umiliki ukaenda kwa wakulima kwa ngazi mbili: mkulima ana hisa katika kampuni ya kiwanda cha eneo lake, na kampuni hizo za viwanda, ambazo ni 54, ndizo zinazoimiliki KTDA. Wakulima walioko chini ya mfumo huu ni zaidi ya 600,000, na wengi wao wana vipande vidogo kama chako au pungufu.

Sasa angalia pesa inavyotembea. Mama anachuma majani mawili na chipukizi asubuhi, anapeleka kituo cha kununulia, yanapimwa, kilo zinaandikwa kwenye namba yake. Lori linafika kiwandani siku hiyohiyo, kwa kuwa jani la chai halisubiri. Mwezi ukiisha analipwa malipo ya kwanza kwa kila kilo. Kiwanda kinasindika, na inahitajika kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Chai inauzwa, sehemu kubwa kwenye mnada wa Mombasa. Mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 30 Juni, gharama zinatolewa, na kinachobaki kinarudi kwa mkulima kama malipo ya pili, ambayo kule wanaiita bonasi. Inafika karibu na Oktoba, na ndiyo inayoezeka nyumba na kulipa shule.

Bonasi hiyo inahesabiwa kwa kilo alizopeleka mama huyu mwaka mzima. Mwenye hisa nyingi lakini kilo chache anapata bonasi ndogo. Hapo ndipo umiliki wa wakulima unapomfikia maskini: kiwanda hakina mwenye mali mwingine anayesubiri faida pembeni, kwa hiyo ziada inakuwa sehemu ya bei ya majani. Wenzetu wa korosho Mtwara na Lindi wanalijua jambo kama hili kwa jina la majaliwa, yale malipo ya mwisho yanayokuja baada ya mauzo kukamilika.

Nikufanyie hesabu kwa zao lako. Namba hizi ni za kufundishia tu. Tuseme kampuni yenu imekusanya kilo 100,000 za parachichi. Imeuza kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Wakulima walishalipwa 900 kwa kilo siku ya kuchuma. Usafiri, upangaji, mishahara na kodi vimekula 350. Imebaki 250 kwa kila kilo, yaani milioni 25. Kampuni ina hisa 1,000. Ninyi 180 mna hisa mbilimbili, jumla 360, na zilizobaki zimenunuliwa na wenye uwezo, akiwemo mfanyabiashara mmoja wa mjini mwenye hisa 300 ambaye hana hata mti mmoja. Wewe ulipeleka kilo 1,200.

Mkigawana kwa hisa, kila hisa inapata 25,000. Wewe unaondoka na 50,000. Yule wa mjini anaondoka na milioni saba na nusu, zote zimetoka kwenye matunda yenu. Mkigawana kwa kilo, wewe unapata 300,000 na yeye hapati kitu. Miti ni ileile, mnunuzi ni yuleyule, kampuni ni ileile. Kilichobadilika ni kifungu kimoja cha katiba. Na kwa kuwa katika kampuni ya kawaida kura zinafuata hisa, siku mtakapotaka kukibadili kifungu hicho, yeye atakuwa na kura 300 na wewe mbili.

Hili nimelikuta kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kupitia vitabu vya kampuni moja ya wakulima, sitaitaja. Ilianzishwa kwa nia njema na fedha za wafadhili. Msimu wa pili ukaja ukame, wakulima wakahitaji pesa, hisa zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa, moja baada ya nyingine, na hakuna kifungu kilichozuia. Nilipofika, wakulima walikuwa bado wanaiita "kampuni yetu" huku zaidi ya nusu ya hisa zikiwa kwa watu wasiolima. Bei waliyolipwa ilikuwa ileile ya dalali wa barabarani. Hakuna aliyeiba, kila kitu kilifuata katiba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

India waliliona tatizo hili wakalitungia sheria. Mwaka 2002 walirekebisha sheria yao ya makampuni, wakaongeza aina mpya: kampuni ya wazalishaji. Wazalishaji kumi wanatosha kuianzisha. Mwanachama lazima awe mzalishaji, mtu wa nje haruhusiwi kununua hisa, kila mwanachama binafsi ana kura moja hata akiwa na hisa mia, na ziada inaweza kugawanywa kulingana na kiasi ambacho kila mmoja ameiuzia kampuni. Kwa maneno mengine, walichukua roho ya ushirika wakaivisha koti la kampuni. Huyo mtaalamu anapotaja India, mwambie tunaitaka hiyo roho pamoja na koti lake.

Kwetu Tanzania kuna jambo la kisheria ambalo sijui kama mmeelezwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaiwekea kampuni binafsi ukomo wa wanachama 50, bila kuhesabu wafanyakazi. Ninyi mko 180. Kwa hiyo ama mnasajili kampuni ya umma (si ya serikali, ni ile inayoruhusiwa kuwa na wanahisa wengi), ambayo masharti yake ya kuuza hisa na kutoa taarifa ni mazito, ama majina 50 yanaandikwa BRELA, ofisi ya kusajili makampuni, na wengine 130 mnabaki na risiti mkononi. Risiti haikufanyi mwanahisa. Muulize wazi, mbele ya mkutano: majina ya nani yatapelekwa BRELA?

Njia ambayo mimi ningeifuata ni ile anayotaka muiache. Wakulima wote 180 wawe kwenye AMCOS, ambako sheria ya ushirika ya mwaka 2013 inawapa kila mmoja kura moja. Kisha AMCOS, ikishakomaa, ndiyo imiliki kampuni ya biashara ya kufungasha na kuuza. Kenya nao wamejenga ngazi kwa ngazi, ingawa ngazi yao ya chini ni kampuni ya kiwanda badala ya chama. Jirani zenu wa Rungwe nao walipita njia inayofanana: chama cha wakulima wadogo wa chai kiliingia kama mbia katika kampuni ya Wakulima Tea, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Chama kinashika hisa kwa niaba ya wote, kwa hiyo mtu mwenye njaa hawezi kuuza hisa yake kwa dalali.

Nimtendee haki mtaalamu wenu. Hofu yake juu ya AMCOS ina historia. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Moshi, iliandikishwa mwaka 1933, ikajenga shule na hoteli, ikauza kahawa ya Wachaga hadi Ulaya. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote nchini na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka zake. Sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Kizazi kizima kilijifunza kwamba chama ni chetu mpaka siku mkubwa atakaposema vingine. Kisha kukaja miaka ya viongozi wa vyama waliokula fedha za wanachama, na neno "ushirika" likawa na harufu mbaya vijijini. Kampuni inaonekana safi kwa sababu ni mpya. Lakini wizi hauzuiwi na jina lililo kwenye cheti. Unazuiwa na mizani iliyo sahihi, risiti ya kila mzigo, na hesabu zinazobandikwa ukutani mahali ambapo wewe unaweza kuzisoma.

Na Kenya yenyewe usiichukue kama pepo. Wakulima wa Kericho, Bomet na Kisii wamelalamika miaka mingi kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa Kirinyaga, Nyeri na Murang'a, ingawa wote wako chini ya KTDA. Sehemu ya sababu ni bei ambayo chai ya kila kiwanda inapata mnadani, na bei hiyo inafuata ubora wa jani. Kuna lawama nyingine nzito zaidi: viwanda vinaimiliki KTDA, na KTDA hiyohiyo inalipwa kuviendesha viwanda. Mkulima aliyeko chini kabisa anajiuliza nani anamsimamia nani. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa Sheria ya Chai ya mwaka 2020, ikifuatiwa na uchaguzi mpya wa wakurugenzi wa viwanda. Mwaka 2021 kikawekwa kiwango cha chini cha bei mnadani, dola 2.43 kwa kilo, na matokeo yake shehena kubwa za chai zikakosa wanunuzi ghalani. Kumiliki kiwanda hakumfanyi mtu amiliki soko.

Ghana nao wana somo. Wakulima wa kakao waliunda Kuapa Kokoo mwaka 1993, na mwaka 1998 wakawa wabia katika kampuni ya chokoleti Uingereza, ile inayojulikana kama Divine. Kwa miaka mingi walishika asilimia 45 ya hisa. Mkulima mdogo kumiliki chokoleti ni jambo la heshima, na liliwapa kiti kwenye meza ambayo hawakuwahi kuiona. Lakini gawio lilipogawanywa kwa makumi ya maelfu ya wanachama, kila mmoja alibaki na kitu kidogo sana. Kilichobadilisha maisha shambani kilikuwa mizani ya haki na malipo ya nyongeza juu ya kakao. Tunarudi palepale, kwenye kilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kama maskini atabaki ndani au atasukumwa nje: siku ya malipo. Mwenye akiba anaweza kusubiri miezi mitatu. Wewe huwezi. Ndiyo maana Kagera kuna butura, kahawa inauzwa ikiwa bado ua mtini, na Mtwara kuna kangomba, korosho zinauzwa kwa walanguzi kwa bei ya chini. Wakulima hao wanajua hesabu vizuri kabisa, ila mtoto amerudishwa nyumbani leo na dalali ana noti mkononi leo. Kampuni ya wakulima isiyoweza kulipa haraka itapokea matunda ya wenye uwezo tu, na walio maskini watawauzia madalali nje ya geti la kampuni yao wenyewe. Malipo ya kila mwezi ya chai ndiyo yaliyomfunga mkulima mdogo kwenye kiwanda chake. Wafugaji wa Anand kule India, walioanza ushirika wao wa maziwa mwaka 1946 na baadaye wakajulikana dunia nzima kwa jina la Amul, walijenga imani kwa njia hiyohiyo: maziwa yanapokelewa asubuhi na jioni, yanapimwa mafuta mbele ya mwenyewe, na malipo hayacheleweshwi.

Kwa hiyo uliza: fedha za kununulia matunda msimu wa kwanza zinatoka wapi? Hisa zenu 360 ni milioni 18. Kwa bei ya 900, hizo zinanunua tani 20 tu, na hamjalipa hata dereva. Bila mkopo wa msimu kutoka benki, au mkataba ambao mnunuzi anatanguliza fedha, kampuni itawakopa ninyi matunda, na mkulima maskini kumkopesha tajiri wa nje ni jambo baya kuliko dalali.

Kuhusu tija, yaani kuvuna zaidi kwenye ekari ileile, hapa kampuni ina nguvu ambayo mtu mmoja hana. KTDA huagiza mbolea ya chai kwa meli, inashushwa Mombasa, inagawiwa hadi kituo cha kijijini, na mkulima anakatwa kidogokidogo kwenye majani yake. Mkopo huo hauhitaji hati ya nyumba kwa sababu kiwanda kinajua kilo zako. Kwa parachichi, mbolea ni sehemu tu. Kuna kupogoa, kuna dawa za wadudu zinazokubalika sokoni, na kuna jambo dogo linaloua soko kila mwaka: kuchuma tunda ambalo halijakomaa. Hass changa haiivi, inasinyaa, na mnunuzi wa Ulaya akiipokea mara moja anaiweka Njombe nzima kwenye daftari lake baya. Kikundi kikiwa na afisa ugani wake, shamba darasa, na kipimo cha maada kavu (kinachobaki maji yakiondolewa) ndani ya tunda kabla ya kuruhusu kuchuma, kinajilinda. Cheti cha GLOBALG.A.P. nacho ni ghali kwa mwenye ekari moja na nusu, lakini kina utaratibu wa kikundi ambapo wengi wanakaguliwa chini ya mfumo mmoja.

Na kuna rijekti. Mnajua inavyokuwa: mzigo unaondoka kijijini ukiwa tani tano, wiki mbili baadaye mnaambiwa nusu imekataliwa. Ni lumbesa ya viazi, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, kwa sura nyingine. Kampuni yenu iwe na mtu wake amesimama mezani wakati matunda yanapangwa, na karatasi ya rijekti irudi kijijini kwa jina la kila mkulima. Mtu mmoja mwaminifu hapo ana thamani kuliko ofisi yenye vigae.

Nawaomba msianze na jengo. Wafadhili wanapenda majengo kwa sababu yanapigwa picha. Kenya viwanda kama 70 vinahudumia wakulima 600,000 na ushee, wastani wa zaidi ya 8,000 kwa kiwanda, na bado vingine vinalemewa na gharama za umeme na kuni. Wakulima 180 hawawezi kukishibisha kituo cha kufungashia chenye vyumba vya baridi. Kitalala njaa miezi mingi ya mwaka na mkopo wake utalala na ninyi. Anzeni na mizani iliyopigwa muhuri, kibanda chenye kivuli, kreti, mkataba mmoja wa pamoja na mnunuzi, na mhasibu. Misimu miwili ya namna hiyo itawaonyesha nani kati yenu anaaminika, na hilo hamwezi kulijua kwa semina.

Kuhusu laki yako: usiitoe kwa sasa. Omba rasimu ya katiba kwa Kiswahili, itafute sehemu ya mgawanyo wa ziada, halafu sehemu ya nani anaruhusiwa kununua hisa na zikiuzwa zinauzwa kwa nani. Kama ziada haigawanywi kwa kilo, na kama asiyelima anaweza kununua, rudisheni rasimu hiyo kwa aliyeiandika. Ikiwa vifungu hivyo viko sawa, omba kiingilio kidogo, na sehemu iliyobaki ikatwe polepole kwenye matunda yako ya msimu ujao. Kampuni inayomtaka mkulima maskini kweli itakubali, kwa kuwa inachotaka kwake ni mazao.

Jambo la mwisho ni jina. Kwenye chai nimeona mara nyingi mama anachuma, anabeba, anapanga foleni kituoni, lakini namba ya mkulima ni ya mume, na bonasi ikitoka anasikia habari zake kwa majirani. Hukuniambia shamba limeandikwa kwa nani. Kabla ya kikao kijacho, wewe na kina mama wenzako ombeni fomu ya uanachama iruhusu majina mawili kwa shamba moja, na malipo yaende kwenye namba ya simu ya yule anayeleta matunda. Ombeni mapema, fomu ikiwa bado haijachapwa. Baada ya malipo ya kwanza itakuwa vigumu sana kubadilisha.